Jiwe Lisiloshikwa na Chuma

Mafundi wenzake walimwita Gonga, na jina likamkaa. Hakuwa mtu wa kupandisha jiwe ukutani bila kuligonga kwanza, sikio limeinamishwa, macho yamefumbwa. Jiwe zima linaita. Jiwe lenye ufa linakohoa. Ukuta nao ataugonga juu, chini, kushoto, kulia, mpaka mwenye nyumba aanze kuguna. Wenzake walimtania kwamba siku moja atamgonga mkewe kabla ya kumsalimia. Yeye akicheka nao, kisha anaendelea kugonga.

Kazi yake ilikuwa kufunga mawe mazito kwenye kuta za nje: fremu za madirisha, nguzo za mapambo, kofia za mawe zinazokaa juu ya milango. Ni kazi isiyosamehe. Ukikosea rangi utapaka tena, lakini ukikosea jiwe la juu ya mlango, mtu anakufa akitoka kununua chumvi. Ndiyo maana alikuwa mkaidi. Lazima utoboe mpaka upite lipu na kufika kwenye ukuta wenyewe. Lazima usafishe tundu kwa pampu, kisha brashi, kisha pampu, kisha brashi, na pampu tena. Hapo ndipo unaingiza gundi na bolti. "Gundi ikikuta vumbi itashika vumbi," alikuwa akiwaambia wanaojifunza kwake, "na vumbi nalo limeshikwa na nani?"

Asubuhi ya mkasa huu alikuwa karakana, chai mkononi, akibishana na watu kuhusu mpira, simu ilipoita. Alikuwa dada yake mdogo, kitindamimba. Nyumbani walimwita Kitinda tangu azaliwe na jina hilo akaenda nalo hata kwa mumewe. Wazazi walishatangulia, wakabaki wao wawili, na Gonga ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwoza.

"Kaka, u mzima?"

"Mzima. Mbona sauti iko chini hivyo?"

"Njoo uniangalizie hili jiwe la juu ya mlango wetu. Limelegea."

"Nani kakwambia limelegea?"

"Mgongo wangu," akasema, na simu ikakatika.

Gonga alidhani ni utani, maana msichana yule alikuwa mcheshi toka utotoni. Hata hivyo hakumaliza chai. Alipakia vyuma vya jukwaa, drili na gundi kwenye gari, akamchukua Winchi. Huyu Winchi alikuwa fundi mwenzake, mtu wa tumbo na maneno, aliyepewa jina kwa sababu ya ile winchi ya mnyororo anayonyanyulia mawe. Njia nzima aliongea yeye. Gonga alikuwa akihesabu moyoni ni mara ngapi ametaka kwenda kumwona dada yake tangu arusi akazuiwa. Mara mama mkwe anaumwa, mara nyumba inapakwa rangi, mara mume, ambaye ni dereva wa lori la masafa, hayupo na si vizuri kupokea wageni. Alikuwa amekubali visingizio vyote kama mjinga.

Nyumba ilikuwa kwenye mtaa wa kawaida kabisa. Upande huu fundi cherehani, upande ule gereji, mbele watoto wanacheza. Ila harufu iliwapokea kabla ya mtu. Ilikuwa harufu ya sufuria iliyochemshiwa mifupa ikafunikwa, ikasahaulika wiki nzima juani.

"Hapa wanauza nini?" Winchi alinong'ona, kola ya shati imefunika pua.

Harufu ilitoka kwenye jiwe. Lilikuwa juu ya mlango wa mbele, kofia nene ya jiwe, imechongwa majani ukingoni, imetokeza nje kiasi cha kumfunika mtu mzima asinyeshewe. Zamani huenda lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa jeusi linalong'aa, limepakwa mafuta juu ya mafuta mpaka majani yamepoteza ncha. Nzi walikuwa wengi juu yake, lakini hawakuruka. Walikuwa wamenasa, na baadhi yao bado walitikisa miguu.

Mama mkwe wa Kitinda alikuwa chini yake, ameshika mti mrefu wenye tambara lililolowa mafuta. Siku ya arusi mwanamke yule alikuwa amepinda kiasi kwamba alisalimia watu huku akitazama viatu vyao. Gonga alikumbuka vizuri, kwa sababu alimhurumia. Sasa alisimama wima, mabega nyuma, shingo ndefu, kilemba kimefungwa vizuri kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kufanya nini?"

"Kuangalia jiwe."

"Jiwe halina shida," alisema taratibu, akaegemeza mti wake ukutani. "Mke wa mwanangu ndiye mwenye shida. Kazi ndogo zinamchosha."

Kitinda akatoka. Gonga alimtafuta usoni na hakuuona uso, kwa sababu dada yake alikuwa amepinda, kidevu kinakaribia kifua, anatazama viatu. Msichana aliyekuwa akiruka ukuta wa shule. Gonga alimkumbatia bila kufikiri. Mkono wake ukagusa mgongoni palipolowa. Kitambaa cha gauni kilikuwa na unyevu mzito unaoteleza, na kiganja chake kikarudi kimepakwa. Alikifuta kwenye suruali haraka haraka, kisha akaona aibu kwa kuwa amefuta. Kinyaa hakiombi ruhusa, hata kwa ndugu.

Walisimamisha jukwaa. Gonga alipanda, akafunga mdomo kwa kitambaa, akatoa nyundo yake ndogo. Aligonga.

Jiwe halikuita. Halikukohoa pia. Lilitoa sauti ya mtu anayejipiga kofi pajani. Ndani ya nyumba, jikoni, mtu akaguna.

Aligonga tena. Mtu akaguna tena.

"Huko ndani kuna mgonjwa?" Winchi akauliza kwa chini.

Gonga alichukua kisu chembamba akakiingiza kati ya jiwe na ukuta, atafute chuma. Kisu kiliingia chote mpaka mpini, bila kugusa kitu kigumu. Akakitelezesha kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Hapakuwa na chuma. Hapakuwa na saruji. Jiwe ambalo wanaume watano wangelinyanyua kwa kutukanana lilikuwa limekaa angani kwa adabu tu. Alipochomoa kisu, kilikuja na mafuta meusi yaliyoganda, na ndani ya mafuta mlikuwa na nywele.

Alishuka akaingia jikoni. Kitinda alikuwa ameshikilia meza kwa mikono miwili.

"Nionyeshe mgongo," Gonga alinong'ona.

"Utachefukwa, kaka."

"Nimekuogesha ukiwa na surua. Nionyeshe."

Akafungua vifungo. Chini ya bega la kulia na la kushoto, na juu ya kiuno pande zote mbili, palikuwa na vidonda vinne vya duara. Vilikaa kwenye pembe nne, kwa usawa, kana kwamba vimepimwa kwa pimamaji. Gonga aliujua mpangilio ule kuliko alivyojua viganja vyake. Ndivyo bolti zinavyokaa. Kila kidonda kilivuja usaha wa kijivu, na katika usaha mlikuwa na mchanga. Mchanga wa kweli, unaosagika. Chembe zilikuwa zimeteremka mpaka kwenye mkanda wa sketi na kuganda hapo.

Aligeuza uso. Hakupenda, lakini aliugeuza.

"Hospitali walisema ni vidonda vya kulala sana," Kitinda alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi silali. Siku ya kwanza nilipofika hapa, mama alinisimamisha mlangoni, chini ya jiwe, akanipaka mafuta mabegani. Akasema, 'Sasa nami nipumzike.' Jioni alikuwa amenyooka. Mimi nikaanza kuinama."

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Nilikuja. Nilifika kwenye ile kona ya gereji. Nyama ikaanza kuchanika nyuma, kaka. Nilirudi kwa magoti. Watu walidhani nimelewa." Akavuta pumzi. "Na sasa siliwezi tena. Linashuka. Leo au kesho litanimaliza."

Gonga alitoka akiwa na hasira ya kuvunja kitu, na cha kuvunja kilikuwepo. Alimwambia Winchi wafunge mikanda, waliteremshe jiwe, walipasue vipande vipande. Walizungusha mikanda, wakaning'iniza winchi juu ya jukwaa, Winchi akakaza miguu kama kawaida yake na kuvuta mnyororo kwa uzito wake wote.

Nusura aanguke chali. Mnyororo ulikuja mtupu. Jiwe lilitoka ukutani kwa mlio wa ulimi unaoachana na kaakaa, likaning'inia likiyumbayumba kwa upepo. Winchi alilitazama. Alinyoosha mkono mmoja, akaweka kiganja chini yake, akalinyanyua. Alilinyanyua kama mtu anayenyanyua mto wa kulalia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Hawakumaanisha hivi.

Kutoka jikoni ulisikika mshindo, kama mfuko wa saruji umetupwa kutoka ghorofani. Gonga aliruka chini, akakimbia. Kitinda alikuwa sakafuni kifudifudi, mikono imetandazwa, shavu limebanwa kwenye saruji mpaka midomo imesambaa upande. Sakafu chini ya kifua chake ilikuwa imepasuka.

"Rudisha," alisema kwa pembe ya mdomo. "Rudisha, kaka. Linanikalia."

Winchi alilirudisha. Ukuta ulilipokea wenyewe, na ule mlio wa ulimi ukasikika tena. Kisha alishuka polepole, akaenda pembeni, akaanza kusugua kiganja chake kwa mchanga, akasugua, akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Ndugu yangu," alisema bila kuinua kichwa, "mkono huu siuingizi kwenye chakula tena." Akaondoka kwa miguu. Hata winchi yake hakuichukua, na wote wanaomjua wanajua jinsi alivyoipenda.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Gonga zaidi.

"Jiwe lazima libebwe," alinong'ona. "Mimi nimelibeba tangu nilipoletwa hapa kigori. Mama mkwe wangu alilibeba kabla yangu. Hakuna aliyekuja na nyundo kutuokoa sisi."

"Litabebwa. Litabebwa na chuma."

"Chuma hakina ukoo, mwanangu."

"Ndiyo maana hakichoki," Gonga alisema, akaingia jikoni.

Alimpa Kitinda kitambaa cha kung'ata, akapanda. Aliweka nguzo mbili za kuegemezea chini ya jiwe, akapima, akaweka alama nne, akawasha drili. Jiwe lilitoboka kwa unga mweupe, safi, kama jiwe jingine lolote, na kwa muda alipata moyo. Kisha ncha ikagusa ukuta. Mlio ulibadilika. Ulikuwa mlio wa mwiko ndani ya uji mzito.

Kilichotoka hakikuwa vumbi. Kilikuwa kibichi, cha moto, chenye nyuzinyuzi, kikajizungusha kwenye ncha ya drili na kuteleza mpaka kwenye vidole vyake. Harufu ilipita kitambaa cha mdomo kana kwamba hakipo. Kule ndani Kitinda alikuwa akilia kwa kitambaa mdomoni. Gonga alitoboa na kulia pia, huku akijisemea kwamba ni jasho.

Tundu la kwanza alilisafisha inavyotakiwa. Pampu, brashi, pampu, brashi, pampu. La pili vilevile. La tatu vilevile, ingawa brashi sasa ilikuwa imejaa vinyama na alilazimika kuifuta ukingoni mwa jukwaa kila mara. Kila tundu lilimtoa roho. Lakini lilisafishika, na mwisho vumbi lilitoka kavu.

La nne lilikuwa la chini kushoto. Aliingiza mdomo wa pampu, akabonyeza, na ukuta ukapuliza nyuma.

Ulimpiga usoni. Kitambaa kilikuwa kimeteremka kidevuni, na yeye alikuwa anahema mdomo wazi. Kitu kikaingia. Kilikuwa laini. Kilikuwa cha vuguvugu. Kilikuwa na chumvi.

Alitapika mpaka akabaki anatoa povu tupu, ameshikilia chuma cha jukwaa, machozi yakimtiririka. Aliposimama tena alilitazama tundu. Bado lilikuwa chafu. Alijua. Mwanafunzi wake wa juzi angejua. Aliitazama brashi, akaiweka chini.

"Inatosha," alisema.

Hakuwahi kulisema neno hilo kazini maisha yake yote. Alijaza gundi matundu yote manne, akaingiza bolti, akashuka kusubiri.

Gundi ile hukomaa upesi penye joto, na ukuta ule ulikuwa na joto la mwili wa mtu. Jua lilikuwa bado juu alipopanda na spana. Alikaza nati ya kwanza. Jiwe likashuka kidogo kwenye bolti, na nguzo za kuegemezea zikalia. Uzito ulikuwa unarudi mahali pake. Ndani, Kitinda akatoa pumzi ndefu. Alikaza ya pili, na alipoinama kuchungulia mlangoni akaona dada yake akiinua bega. Ya tatu, Kitinda akainua uso. Alikuwa amekonda, amezeeka, lakini ni yeye, na alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza tangu afike.

Alikaza ya nne. Nati ilizunguka, na bolti ikazunguka nayo.

Ikatoka nusu kidole. Ikasimama. Ikatoka tena, imelowa, gundi imeizunguka kwa ute wa kijivu usioshika chochote. Jiwe likaelemea kushoto, nguzo moja ikapinda. Kitinda alikunjwa upande mmoja kama karatasi, akapiga magoti, na kiuno chake cha kushoto kikatoa mlio wa ukuni mbichi ukivunjwa. Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia.

Hapo Gonga alijichukia kuliko alivyochukia ukuta. Alichomoa bolti kwa mkono, akatupa brashi iliyoshindwa, akavua glavu kwa sababu iliteleza. Akaingiza vidole viwili ndani ya tundu.

Lilikuwa laini kando zote, na liliminya. Liliminya polepole, kama ufizi wa mtoto mchanga. Alichokonoa gundi mbovu, akachokonoa vinyama, akavitupa bila kuviangalia. Akasukuma vidole mpaka fundo la mwisho. Huko mwisho akagusa kitu kilichosukwa.

Alikibana, akavuta. Ulikuja mkia wa nywele, mwembamba, umesukwa nadhifu, umelowa mafuta. Nywele za mvi. Alivuta, ukaendelea kuja. Akavuta tena, ukaendelea kuja, ukilala kwenye mbao za jukwaa duara juu ya duara.

Chini yake mama mkwe alikuwa ameshika kilemba kwa mikono yote miwili.

"Polepole," alinong'ona. "Polepole, mwanangu. Unaniumiza."

Gonga akazungushia nywele kiganjani, akavuta kwa nguvu zote. Kwenye kina cha ukuta kitu kilikatika. Kwenye kilemba cha yule mama doa la maji lilitokea, likapanuka, likateremka sikioni.

"Ungeacha hata kidogo," alisema.

Gonga alikwenda garini akachukua brashi mpya. Alisugua, akapuliza, akasugua, akapuliza, na sasa hakugeuza uso. Hakuacha mpaka vumbi likatoka kavu na jeupe, vumbi la kiungwana. Akaingiza gundi, akaingiza bolti nyingine, akaishikilia kwa mikono yake mwenyewe kwa kuogopa kuiachia. Jua lilianza kuteremka. Alikaza nati. Haikuzunguka. Alikaza tena, na jiwe likatulia ukutani kwa uzito wake wote, uzito wa halali. Alipoondoa nguzo halikusogea hata unywele.

Kitinda alikuwa amesimama. Alikuwa amenyooka. Alikuwa anajishika kiuno, anashangaa dari, kana kwamba hajawahi kuiona.

Hawakufunga mizigo. Alitoka kama alivyo, akapita chini ya jiwe, akashika mkono wa kaka yake. Walikwenda kwa miguu mpaka kwenye kona ya gereji, kwa sababu Kitinda alitaka kuipita kwa miguu. Alisimama pale. Akavuka. Hakuna kilichochanika. Akacheka, akalia, akamwambia kaka yake ananuka kuliko yeye. Gonga aligeuka mara moja tu kuitazama nyumba. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, wima, mikono mapajani, amestarehe kama mtu asiyepoteza kitu.

Kwa Gonga, Kitinda alilala usiku na mchana. Alikula kwa kuomba kuongezewa. Mke wa Gonga alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi na upole, wala hakukunja pua, akimwita wifi, akimsimulia umbea wa mtaa mzima ili asahau. Vidonda vilikauka upesi mno. Gonga alishukuru, akaanza kulala, akarudi kazini.

Asubuhi moja mkewe alimfuata uani alikokuwa anaosha vifaa.

"Baba," alisema kwa chini, "njoo uone. Usimwamshe."

Kitinda alikuwa amelala kifudifudi, gauni limeshushwa mabegani. Vidonda vilikuwa vimejaa. Havikuwa na kovu wala ngozi mpya. Vilikuwa vimezibwa sawasawa na kitu kigumu cha kijivu, na Gonga hakuhitaji kuuliza ni nini, kwa sababu alikuwa ameisukuma gundi hiyo ukutani mwenyewe. Gundi ile ikishakomaa haitolewi. Fundi yeyote atakwambia: ukitaka kuitoa, unavunja kinachoizunguka.

"Si hivyo vingine," mkewe alinong'ona. "Tazama hicho cha chini."

Katikati ya kile cha chini kushoto ulikuwa umeota mkia mdogo wa nywele, nyuzi chache za mvi, urefu wa kidole. Kitinda alikuwa na nywele nyeusi tii.

"Jana jioni niliukata kwa mkasi," mke wake alisema. "Nikasema labda umenasa tu. Nikaukata mpaka kwenye shina, nikauchoma."

Gonga aliinama karibu. Harufu ile ilimpanda puani, ndogo, ya vuguvugu, na mate yakamjaa mdomoni. Kitinda alikuwa anahema taratibu, amekumbatia mto, usingizini anatabasamu. Mkewe alileta mkasi. Akaukata tena, karibu kabisa na ile gundi, wakaenda kuuchoma pamoja nyuma ya jiko, wakasimama mpaka ukawa majivu, wakarudi ndani kumfunika.

Kwenye kidonda kile mkia ulikuwepo tena. Na sasa ulikuwa umesukwa.